Pamba Waachie Maiti

Treni ya chini ya ardhi hakuipanda hata siku moja, na alikaa London miaka mingi kuliko mimi. Ukimuuliza sababu anakujibu, "Chini nitaingizwa. Sina haja ya kujipeleka." Basi nalo lilimchefua, akishuka lazima kwanza aegemee ukuta. Kwa hiyo alikwenda kwa baiskeli, kiangazi na baridi, mvua na theluji, kutoka kwake Wembley mpaka Southall, siku nyingine mpaka Croydon, kokote alikoitwa. Na alikoitwa ni kwa wafu. Alikuwa mwosha maiti. Akiwa hayupo tulimwita Mwosha, akiwapo tulimwita Mzee. Jina lake nalijua na sitalitaja, wala sitasema alizaliwa wapi na mama yake nani. Mimi nataka kusema habari za fulana zake, na za mwanawe, maana kwa mtu yule mambo hayo mawili hayakuachana.

Fulana ninazosema ni zile za ndani, zinazogusa mwili, za sufu laini ya kondoo wanaoitwa merino. Vijana wa siku hizi wanazijua, wana majina yake ya Kizungu, wanajadiliana uzito wake kama wauza nyama. Lakini miaka ya tisini sisi watu wa pwani tulioletwa huku na riziki tulijua jambo moja tu, kwamba baridi dawa yake koti. Ukihisi baridi unaongeza koti, ukihisi tena unaongeza jingine. Unatoka nyumbani juu ya baiskeli umejaa kama gunia la korosho, hujafika kwenye mzunguko wa barabara umeshalowa jasho, ukisimama kwenye taa lile jasho linakuwa barafu mgongoni. Mwosha alitutazama hivyo miaka yote na midomo kaikunja.

Yeye sufu aliifikia kwa njia ya kazi yake. Maiti wa Kiislamu hangojeshwi. Simu inalia asubuhi, karatasi zikikamilika mchana mtu yuko udongoni. Mwosha anafika kwa baiskeli, jamaa wa marehemu wamesimama mlangoni, hana pa kubadili nguo wala muda wa kuoga. "Unamwendea mtu kumtengeneza kwa safari yake," alikuwa akisema, "na wewe unanuka jasho kama mchukuzi wa bandarini. Adabu hiyo?" Fulana ya pamba inanuka, ya nailoni inanuka zaidi. Ya sufu unaendesha nayo, unafanya kazi nayo, unarudi nayo, unaitundika dirishani, kesho unaivaa tena na haijasema kitu. Tena chumba cha kuoshea ni vigae na saruji, hakiwashwi moto, na maji yanaruka mikononi mpaka kwenye kwapa. "Sufu ikilowa bado ni ndugu yako," alisema. "Pamba ikilowa inakukana. Pamba waachie maiti, wao wamekwisha kutoka jasho."

Mimi nilikuwa nafagia na kusafisha viti kwenye uwanja wa mpira Wembley, na siku zisizo za mechi nilimfuata kumwagia maji. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu mikono yangu haitetemeki. Si kwa elimu. Chuo cha Kurani niliacha kwenye juzuu ya kwanza, skuli niliacha darasa la nne, na sijawahi kusema vinginevyo. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Unaogopa?" Nikamwambia naogopa. Akasema, "Vizuri. Asiyeogopa humwaga maji vibaya."

Alikuwa na neno moja alilolitaka duniani na hakumficha mtu. Alitaka aoshwe na mwanawe. Mtoto alikuwa mmoja tu, mwanamume, mtu mzima tayari nilipomjua, anafanya kazi ofisini Croydon. Mama yake alirudi Tanga zamani, akakaa huko. "Nimeosha baba za watu," Mwosha aliniambia tukiwa tunasukuma baiskeli juu ya mlima wa Harrow, "na watoto wao wako nje wanavuta sigara. Wananiambia asante sana, sheikh, na mkono wangu hawaugusi. Mimi sitaki kuoshwa na mtu aliyeitwa kwa simu." Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiitwa kwa simu. Nilitaka kucheka, nikamwona uso.

Watu kwenye harusi walimtania kwa ule msemo wetu, mwosha huoshwa. Kila mcheshi alidhani ni wa kwanza kuusema. Alikuwa akimaliza pilau yake taratibu, kisha anajibu, "Nyinyi mnautoa kama tishio. Mimi ndio ninaoungojea."

Hakuwa mtu mpole, nisiwadanganye. Siku moja kijana alilia kwa sauti ndani ya chumba cha kuoshea, kafiwa na kaka yake, na Mwosha akamwambia bila kuinua kichwa, "Machozi peleka nje. Humu maji yanatosha." Kijana akatoka. Niliona ni ukatili na hata leo naona ni ukatili. Walio hai aliwasema vibaya na kwa raha: nani kaoa kwa siri, nani anapika chakula kibichi, imamu gani anapenda kamera. Lakini wafu hakuwasema. Alichokiona chini ya shuka kilibaki chini ya shuka. Kovu, mchoro wa sindano, alama ya kamba, hakuna alichokitoa nje ya mlango ule, hata kwangu niliyekuwa nimesimama pale pale na ndoo.

Isipokuwa mara moja, na habari yenyewe inaanzia kwenye kosa langu la kununua.

Duka letu lilikuwa Southall, la Kalasinga mmoja mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili chake cha Kenya kimejaa kama kapu. Aliuza blanketi, shali, soksi, na nyuma kabisa fulana za sufu alizoletewa na shemeji yake. Mwosha akiingia tu, Kalasinga anaweka kalamu chini.

"Mzee, leo utanunua ama utanusa tu?"

"Nitanusa, nitanunua, kisha nitarudisha."

"Hii nguo ni mpya, bwana. Haina mtu ndani."

"Ndiyo maana naipima. Ingekuwa na mtu ningejua la kufanya."

Kuichagua kwake kulikuwa ibada. Kwanza aliipitisha chini ya taya, pale ngozi ilipo nyepesi, huku kafumba macho. Ikimwasha hapo, ameimaliza. Kisha anaigeuza nje ndani na kutafuta mishono. Mshono wa bega hautaki, maana mkanda wa begi utaukandamiza mpaka uchune ngozi. Mshono wa kwapa lazima uwe bapa. Kisha anainyoosha mbele ya dirisha kuona mwanga unapita vipi. Nzito sana hataki. "Hii ni ya mtu anayekaa," husema. Anasoma kile kitambaa kidogo cha ndani, miwani imeshuka puani. "Kalasinga, huyu ni kondoo nusu. Nusu nyingine ni chupa ya plastiki." Mwisho kabisa anaivaa juu ya nguo zake na kuinama pale kaunta, mikono mbele kama kashika usukani, makalio nyuma, wateja wanatazama, na ananiuliza mimi, "Mgongo unaonekana?" Fulana ikipanda na kuacha kiuno wazi, haimfai hata akipewa bure.

"Mzee," Kalasinga analalamika, "mama zangu wa shali wanakimbia."

"Watarudi. Huku nje baridi."

Sasa mimi nilipokwenda kununua yangu nilikwenda peke yangu, kwa kiburi, na nikachagua kubwa. Kwetu nguo hununuliwa yenye nafasi, ya kukulia, na mimi na mvi zangu nilichagua ya kukulia. Tena kwetu mtu mzima hatoki bila singlendi ya pamba ndani, akitoka bila hiyo anajiona uchi. Kwa hiyo nilivaa singlendi kwanza, juu yake sufu pana inapepea kama kanzu, juu yake sweta, juu yake koti. Nikamwambia Mwosha nimeshanunua sufu. Akasema hongera. Hakuuliza zaidi, na mimi nilitetemeka nusu ya msimu, nikasema moyoni kwamba huyu mzee na kondoo wake ananiongopea.

Basi katikati ya baridi ile tukaitiwa kijana wa kwetu, wa pwani, aliyekuwa akipeleka vifurushi kwa baiskeli. Alikutwa asubuhi kando ya njia ya mfereji, baiskeli imeegemea uzio vizuri kama ameiweka mwenyewe, na yeye amekaa chini. Hospitali walisema moyo. Nguo zake tulizikata kwa mkasi. Zilikuwa za pamba zote, fulana, shati, sweta la kofia, suruali ya jinzi, moja juu ya nyingine. Mwosha alimwosha polepole kuliko alivyowahi kumwosha mtu. Alipofika vidoleni alivishika kimoja kimoja, kama anayevipasha moto. Mimi nikamwaga maji na kutazama ukuta.

Tulirudi kwa baiskeli. Kwenye taa nyekundu karibu na kituo cha basi akaja ubavuni kwangu, akatia vidole vyake ndani ya ukosi wangu mpaka kifuani. Akaigusa singlendi.

"Vua."

"Hapa barabarani, Mzee?"

"Hapa."

Niliegemeza baiskeli kwenye kibanda cha kituo. Nikavua koti, nikavua sweta, nikavua sufu, nikavua ile singlendi, mbele ya kina mama na mifuko yao ya soko. Bibi mmoja wa Kizungu akasema neno, nikadhani ananitukana, kumbe anauliza kama naumwa. Singlendi ilikuwa maji matupu. Mwosha aliikamua, nikayaona matone, kisha akaitupa kwenye pipa. "Sufu iguse ngozi," akasema. "Kama haigusi ngozi, umevaa pazia. Na uende ukabadilishe, uchukue ya kukubana." Nikavaa meno yakigongana.

"Mzee, ungeniambia tu nyumbani."

"Usiniletee kazi," akasema.

Tulipokwisha kuvuka ndipo aliposema lile neno moja, bila kunitazama. "Alilowa kutoka ndani." Hakurudia tena, na mimi sikumuuliza. Siku ya pili nilikwenda kwa Kalasinga. Tangu siku hiyo sijavaa pamba kifuani baridi ikiingia, na kifua changu hakijanisumbua, ila magoti, na magoti ni ya uwanja wa mpira, ngazi zile.

Nimetaja kwamba mwanawe alikuwa na kazi Croydon. Na yeye aliendesha baiskeli, nyembamba, nyepesi, unainua kwa vidole viwili. Sijui kama baba alimpa mapenzi hayo au yalikuja yenyewe. Miaka ya elfu mbili ilipoanza, fulana za merino zikawa za fasheni, maduka makubwa ya mjini yakazitundika kwenye kioo, na yule kijana akawa kila baridi ikianza anamletea baba yake mpya kwenye mfuko wa karatasi. Baba anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, na sufu iko katikati yao kama mkalimani. Nilikuwapo Jumapili moja. Maneno ya mtoto nayaandika kwa Kiswahili maana Kiingereza changu ni cha kufagilia.

"Zipu hii itanikata koo," Mwosha akasema.

"Ina kifuniko juu, Baba. Pitisha kidole. Ukipanda mlima unaifungua, unapoa."

"Mishono?"

"Bapa. Begani hakuna."

"Mkia?"

"Mrefu. Niliinama dukani kama unavyofanya. Walinicheka."

Mwosha akacheka pia, meno ya juu yakaonekana, jambo la nadra. Akaipitisha fulana chini ya taya. Ikapita. Akaikunja juu ya goti lake na kuilaza kiganja, na kwa sauti ile ile ya mishono na mikia akasema, "Jumamosi kuna mzee wa watu pale Southall, hana jamaa. Njoo unimwagie maji. Huyu jirani bega linamsumbua."

Bega langu lilikuwa zima.

"Baba, tulikuwa tunaongea fulana."

"Na mimi naongea fulana. Sijamaliza."

"Lolote jingine, Baba. Hilo siwezi."

"Unanivalisha nikiwa hai. Nikifa, nani ataninyoosha?"

"Msikitini wapo watu."

"Wapo," Mwosha akasema. "Mimi ndiye hao watu."

Kijana akachukua helmeti yake. Mlangoni akaniaga kwa Kiswahili, "Shikamoo, ami," akakosea, maana shikamoo si ya kuagia, na akashuka ngazi. Kesho yake Mwosha alivaa ile fulana, ikamkaa sawasawa, na akaisifia njia nzima mpaka nikachoka.

Nisimdhulumu mtoto. Alijaribu. Mara moja alifuatana nasi mpaka mlango wa chumba cha kuoshea, akavaa glavu, akavaa aproni. Harufu ya karafumaiti ilipomfikia akashika fremu ya mlango. Nilimwona anajilazimisha, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kisha akatoka akatapika penye baiskeli zetu, na tulipomaliza tulimkuta amekwisha kwenda. Baba yake hakumsemesha baridi ile nzima. Mfuko wa karatasi ulikuja ukawekwa mlangoni, na Mwosha aliichukua fulana na kuivaa, lakini simu hakupiga. Nikamwambia, "Mzee, mtoto tumbo limemkataa, si moyo." Akaniambia nishughulike na ndoo yangu.

Kusahau kulimwanza kidogo kidogo. Alikuja mlangoni kwangu asubuhi na helmeti kichwani kuniuliza nani aliyempigia simu, na hakuna aliyempigia. Akaenda msikitini kumwosha mtu tuliyemzika mwaka wa nyuma, akagombana nao kwa nini wamemchelewesha. Alivaa fulana za sufu mbili pamoja, moja imegeuzwa, katikati ya kiangazi. Kwenye chumba cha kuoshea nilimwona amesimama na kata mkononi hajui upande gani umeshaoshwa, nikamwelekeza kwa macho ili jamaa wasijue, na baadaye nikaanza kuosha mimi na yeye akamwaga maji. Hapo nilijua. Siku ya baiskeli kumwangusha kwenye mzunguko mwanawe akaja akaichukua, Mwosha akasimama dirishani akitazama inavyopakiwa kwenye gari.

Akawekwa kwenye nyumba ya wazee, si mbali na Wembley, ndefu, yenye zulia na joto la kukaba. Kijana alipeleka zile fulana zote zimeandikwa jina kwenye ukosi. Kule kila kitu hufuliwa kwa maji ya moto, shuka na taulo na sufu pamoja, zikarudi zimejikunja, za kumtosha mwanasesere. Basi wakamvalisha walichokuwa nacho.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema nilifika asubuhi, nje kuna umande mgumu kwenye nyasi. Mwanawe alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama ndani kidogo ya mlango, mikono mifukoni, hajavua koti. Alikuwa akija kila wiki kipindi kile, wauguzi waliniambia, na kila wiki anasimama pale pale. Dada mmoja Mkongomani alikuwa anamwogesha Mwosha kitandani kwa beseni na kitambaa, taulo limemfunika kutoka kitovuni mpaka magotini.

"Karibu, papa," akaniambia. "Huyu muzee ni mwalimu kweli. Nikianza mukono ya kushoto anakataa. Anasema kuume, kuume kwanza. Na taulo hii, ole wangu niitoe."

"Alikuwa na kazi hiyo," nikasema.

"Ya kuogesha wagonjwa?"

"Karibu na hiyo."

Mwosha alinitazama kwa heshima, kama mgeni wa watu. Hakunijua. Hata mwanawe mwenyewe Mzee alimtazama vivyo hivyo, kama mgeni. Amekwisha mwili, kifua kimeingia ndani, lakini mikono ilikuwa ile ile, mipana. Ukuta wa pili kengele ikalia, ikalia tena, yule dada akasonya. "Shikeni kidogo, nakuja sasa hivi. Maji isipoe." Akakinyoosha kitambaa kwetu sote wawili.

Nilinyoosha mkono. Mkono wa kijana ukafika kwanza.

Alivua koti akaliweka chini. Akakunja mikono ya shati. Alianza na bega la kulia, akashuka kiwiko, kiganja, kati ya vidole, na maji hakuyaacha yachuruzike kitandani. Sikujua ameyaona wapi, labda mlangoni pale kila wiki, akitazama. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. Akarudi upande wa kushoto, kisha akahamia chini, akauweka mguu wa kulia juu ya mkono wake.

"Polepole hapo," Mwosha akasema. "Ngozi ya kifundo nyepesi."

Akapunguza mkono.

"Ndiyo. Hivyo." Mzee alifumba macho, akafumbua. "Una mkono mzuri, kijana. Nani kakufundisha?"

Kijana aliuzungusha mguu kidogo, akakipitisha kitambaa kisiginoni. Kisha akajibu kwa Kiswahili. "Baba yangu."

"Kakufundisha vizuri. Mwambie ana bahati." Akageuza kichwa dirishani. "Mimi wangu hataki."

Kijana akaukausha mguu ule kwa ncha ya taulo. Akakikamua kitambaa ndani ya beseni, akakikunja upya, akauinua wa kushoto.